Risiti Niliyoificha

Akina mama wenzangu, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo. Ni habari ya mashine ya kuvuta vumbi, ile tunayoiita vakyumu, ya aina mpya isiyo na waya. Niliinunua kwa fedha nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa mkono wangu mwenyewe, ukiacha friji. Dhamana yake ilikuwa ya miezi 12. Ilikufa siku 16 baada ya miezi hiyo kwisha.

Najua kuna atakayesema, "Mama, wenzako tunafagia kwa chelewa, wewe unalilia vakyumu?" Ni kweli. Lakini badala ya vakyumu weka friji, blenda, mashine ya kufulia, runinga au simu, utaona kuwa habari hii ni yetu sote. Tena katika habari yangu lipo kosa ambalo si la mwenye duka wala la kiwanda. Ni kosa langu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jinsi ilivyoingia nyumbani

Sisi tunakaa Tegeta, upande ambao barabara ya mtaa bado ni ya vumbi. Wakati wa kiangazi pikipiki ikipita tu, vumbi linaingia hadi kabatini. Binti yetu wa mwisho ana miaka 7 na ana ugonjwa wa pumu. Daktari alitueleza kuwa pamoja na dawa, tujitahidi kupunguza vumbi ndani ya nyumba, hasa kwenye zulia, makochi, mapazia na magodoro. Kila mama anajua kuwa fagio kavu halitoi vumbi lote. Sehemu yake hulirusha juu, likatua tena baada ya saa moja.

Ndipo mimi na mume wangu tulipokubaliana kutafuta mashine. Tulipanga isizidi shilingi 800,000. Nilipofika dukani mjini, kijana aliyenihudumia alinionyesha ya bei hiyo, kisha akanionyesha nyingine iliyotundikwa juu ukutani. Hii ya pili haikuwa na waya, ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na chujio maalumu la kuzuia vumbi laini lisirudi chumbani. Akaiwasha, ikanguruma kidogo, ikameza unga aliomwaga sakafuni. Bei yake ilikuwa 1,250,000.

Nilikuwa nimepokea mchezo wetu wa akina mama wiki ile. Nikaongeza 450,000 kutoka humo, nikaichukua. Nilipofika nyumbani mume wangu akauliza, "Wamekupunguzia?" Nikajibu, "Hapana, ni ile ile laki nane." Risiti nikaikunja, nikaitia ndani ya kopo la biskuti, chini ya vitenge.

Wakati ule sikujiona kuwa nimesema uongo. Nilijiambia kwamba fedha ya mchezo ni jasho langu, tena namwondolea mume mawazo. Ni wangapi kati yetu hatujawahi kupunguza bei ya kitenge au sufuria tunapoulizwa? Basi nilidhani yamekwisha.

Dalili zilipoanza

Kwa miezi tisa mashine ilifanya kazi vizuri sana. Nilikuwa naweza kupita vyumba vyote vitatu na sebule kabla betri haijaisha, kama dakika 30 hivi. Mtoto alipumua vizuri zaidi, ingawa nakiri kwamba pia tulikuwa tumeacha kuruka dawa zake.

Mwezi wa kumi nikaanza kuona mabadiliko. Dakika 30 zikawa 20, kisha 12. Wakati mwingine ilizima ghafla katikati ya zulia, nikiiweka kwenye chaja inawaka taa ya kijani haraka haraka kana kwamba imeshiba. Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Hiyo si bado iko kwenye dhamana? Nipe risiti, kesho napita mjini, nitawapelekea wenyewe."

Akina mama, moyo ulishtuka. Risiti ile ilikuwa imeandikwa 1,250,000. Nikasema, "Nitaitafuta." Kesho yake nikasema sijaiona. Jumatatu nikasema labda iko kazini. Kila wiki nilikuwa na neno jipya. Niliwaza kwenda mwenyewe, lakini mara kazi, mara mtoto, mara mvua za masika na foleni ya barabarani. Mume wangu alinikumbusha mara tatu, halafu akaacha.

Dhamana iliisha tarehe 14 Juni. Tarehe 30 Juni, asubuhi ya Jumamosi, nilibonyeza kitufe, ikawaka taa nyekundu, ikazima. Haikuwaka tena.

Jumatatu niliibeba mpaka dukani. Kijana yule yule alinipokea kwa heshima. Akaitazama risiti, akaitazama kalenda ukutani, akasema, "Mama, pole sana. Hii imeisha tarehe 14. Ungekuja hata siku ile tungekupokea." Hakuwa na ukali. Ukali ningeuvumilia zaidi, maana ningepata mtu wa kumkasirikia. Nilirudi Tegeta na daladala, nimeipakata mashine mapajani kama mtoto mgonjwa, na abiria wananitazama.

Usiku ule nilimwambia mume wangu kila kitu. Nilitoa risiti kwenye kopo la biskuti nikaiweka mezani. Aliisoma kimya. Kisha akasema, "Fedha ni zako, nisingekukataza. Lakini miezi miwili nimekuwa nikisema wenye maduka ni wezi, vitu vyao vibovu. Kumbe dawa ilikuwa ndani ya kabati letu." Hakuongeza neno. Mimi nililia kidogo, si kwa ajili ya mashine.

Nilichoambiwa na fundi wa Tandika

Shangazi wa mume wangu anakaa Temeke, karibu na soko la Tandika. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa fundi mmoja mwenye kibanda kidogo kilichojaa redio, feni na chaja. Mzee huyu hakukimbilia kutaja bei. Kwanza alifungua chujio akaligonga juu ya gazeti. Likatoka vumbi la rangi ya majivu. Akaniuliza, "Mama, hapo kwenu kuna mtu anajenga?" Kweli, jirani alikuwa akijenga, nami nilikuwa nikivuta vumbi la saruji dirishani na kibarazani. Akanieleza kuwa vumbi la saruji ni laini mno, huziba chujio, hewa ikakosa kupita, mota ikafanya kazi kwa nguvu na joto likapanda. Joto hilo huila betri.

Halafu akaifungua betri yenyewe. Mimi nilidhani betri ni kitu kimoja. Kumbe ndani yake kulikuwa na seli sita, kila moja kama betri ya tochi iliyonenepa kidogo, zimeungwa mstari mmoja. Akaweka mita yake juu ya kila moja. Tano zilisoma zaidi ya volti 3. Moja ilisoma volti 1 na kidogo. Akasema, "Mashine yako nzima, mota inavuta. Aliyekufa ni mmoja kati ya sita, lakini wamefungwa kamba moja. Kuna kijibodi hapa cha ulinzi. Kikimwona mmoja amelala, kinazima wote."

Nikamwomba aibadilishe ile moja. Akakataa. Alisema seli mpya ikifungwa pamoja na kuukuu hazichaji sawasawa, na betri ya aina hii ikiungwa vibaya inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye chaja, watu wamelala. "Tafuta betri kamili ya mashine hii hii," akasema, "ukiileta naiweka bure." Nilimheshimu sana mzee yule. Fundi anayekataa fedha kwa ajili ya usalama wa nyumba yako, mshike namba yake.

Kwa nini vitu hufa dhamana ikiisha?

Swali hili tunaliuliza wengi. Je, viwanda vinatufanyia makusudi?

Historia inatuonyesha kwamba jambo hilo liliwahi kutokea. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya kutengeneza balbu za umeme, yakiwemo Osram na Philips, yalikutana Geneva, Uswisi, yakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana balbu isiishi zaidi ya saa 1,000, ingawa kabla ya hapo nyingine ziliishi saa 1,500 hadi 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiasi kilitozwa faini. Kwa hiyo mama anayehisi kuchezewa si mjinga.

Lakini si kila kitu kinachokufa mapema kimetegwa. Betri za vifaa hivi visivyo na waya ni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa madukani mwaka 1991, na ndizo zilizomo pia katika simu zetu. Betri hizi huanza kuzeeka tangu siku zinapotoka kiwandani. Nyingi hupungua nguvu kwa kuonekana baada ya kuchajiwa na kuishiwa mara 300 hadi 500 hivi. Ukichaji mara moja kila siku, mwaka mmoja tayari ni mara 365. Ongeza joto la Dar es Salaam, ongeza chujio lililoziba, utaona kwa nini mwaka wa pili ni wa hatari. Na mwenye kiwanda analijua hilo. Anaweka dhamana yake hadi pale ambapo anajua vifaa vingi vitakuwa bado vizima. Dhamana basi haisemi kifaa kitaishi muda gani. Inasema tu ni kwa muda gani hasara itakuwa yake. Baada ya hapo inakuwa yako.

Mama zetu walikuwa na redio za National, nyingine zikitoka katika kiwanda cha Matsushita hapa hapa Dar es Salaam. Ikiharibika, fundi wa mtaani aliifungua kwa bisibisi, akabadilisha kitu cha shilingi chache, taarifa ya habari ikaendelea. Leo kifaa kinagharimu mara nyingi zaidi ya redio ile, lakini kinafungwa kwa gundi, na kipuri chake hakipo Kariakoo wala Gerezani. Hapo ndipo tunapoumia. Kuharibika ni kawaida ya vitu vyote. Shida kubwa ni kukosa cha kukitengenezea.

Wenzetu wa nje wameliona hili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa muda usiopungua miaka 2, hata kama kadi ya dhamana inasema mwaka mmoja. Ufaransa mwaka 2015 ilitunga sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi. Mwaka 2021 ikaanza kulazimisha baadhi ya vifaa viandikwe alama dukani, kuonyesha ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza, na mwaka 2022 vakyumu zikaingizwa katika orodha hiyo. Kwa hiyo mashine moja, ya kiwanda kimoja, inaweza kuuzwa kule kwa ulinzi wa miaka miwili na hapa kwetu kwa mwaka mmoja. Inafaa tujue, ili tuweze kuuliza.

Je, kwetu hakuna ulinzi?

Upo, ingawa wengi hatuujui. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni ya siku nyingi, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Tena ukimweleza wazi unakitaka kwa kazi gani, nawe ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Wajibu huo ni tofauti na ile kadi ya dhamana inayotolewa na kiwanda. Kadi kuisha siku yake si lazima kumaanishe kwamba muuzaji hana la kujibu, ikiwa kasoro ilikuwemo tangu siku ya kununua. Ila hapo mzigo ni wako kuonyesha kwamba hukukitumia vibaya.

Vilevile iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mnunuzi na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani. Tume hiyo inapokea malalamiko ya walaji na inapambana na bidhaa bandia. Kuhusu ubora na usalama wa bidhaa, liko Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, lililoanzishwa mwaka 1975.

Sisemi tukimbilie kushtaki. Ninasema mama anayejua haki yake huzungumza kwa utulivu, na anayezungumza kwa utulivu husikilizwa.

Mimi na mume wangu tuliketi tukaandika barua moja, ukurasa mmoja. Tulieleza tarehe ya kununua, tarehe dalili zilipoanza, alichokiona fundi, na tukakiri kuwa tulichelewa na kwamba vumbi la saruji lilipita humo. Hatukudai mashine mpya. Tuliomba watusaidie kupata betri. Mume wangu aliipeleka mwenyewe, pamoja na risiti ile ile. Baada ya siku nne walipiga simu. Walisema hawawezi kuitoa bure, lakini wataiagiza Dubai na kutuuzia kwa bei waliyonunulia wao, bila faida. Ilikuja baada ya wiki tano, shilingi 290,000. Mzee wa Tandika aliiweka bure kama alivyoahidi. Tulimpelekea kilo mbili za sukari na majani ya chai.

Laki mbili na tisini. Hiyo ndiyo bei ya uongo wangu mdogo, maana kama risiti ingetoka kwenye kopo mwezi wa kumi, betri ile ingebadilishwa bila senti.

Mambo ya kushika

Kutokana na hayo, nimeandika mambo machache. Kata ukurasa huu ukipenda, ubandike ndani ya kabati.

Kabla ya kununua, uliza maswali matatu: Nani atakitengeneza? Vipuri vinapatikana wapi? Betri, chujio au mpira wake unauzwa peke yake kwa bei gani? Muuzaji akikosa jibu, hesabu kwamba unanunua kitu cha muda wa dhamana tu, kisha ujiulize kama bei hiyo inafaa kwa mwaka mmoja. Mashine yangu, kwa mwaka mmoja, ilikuwa zaidi ya laki moja kila mwezi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema nacho kinahitaji kipuri.

Siku ya kununua, dai risiti ya mashine ya EFD na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Karatasi ya risiti hizi hufifia kwa joto, baada ya miezi michache unaweza kukuta karatasi nyeupe. Itoe fotokopi siku hiyo hiyo, au ipige picha kwa simu. Andika kwenye kalenda ya nyumbani tarehe dhamana itakapokwisha, na mwezi mmoja kabla ya hapo ukikague kifaa chote: kinawaka vizuri? Kinakaa na chaji kama mwanzo? Kina sauti mpya? Mali bila daftari huisha bila habari.

Ukiona dalili, nenda siku hiyo. Usisubiri kife. Kifaa kinachougua ndani ya dhamana kina haki zaidi ya kifaa kilichokufa nje yake. Ukikipeleka, waombe wakuandikie kwamba wamekipokea, kwa tarehe na maelezo ya kasoro. Karatasi hiyo itakusaidia hata kama kitarudi kikiwa kimepona kisha kiugue tena.

Katika matunzo ya vakyumu, safisha chujio kama kijitabu kinavyoelekeza, na ukiliosha liache likauke kabisa, hata siku nzima, kabla ya kulirudisha. Kata nywele na nyuzi zinazozunguka kwenye brashi. Usivute saruji, majivu, wala kitu chenye maji, isipokuwa mashine imetengenezwa kwa kazi hiyo. Usitundike chaja karibu na jiko wala penye jua la dirishani. Mashine ikiwa bado ina moto baada ya kazi, iache ipoe kwanza ndipo uchaji. Na betri iliyovimba au inayopata moto kupita kiasi, itoe kwenye umeme na usiitumie tena.

Kwa mama mwenye mtoto wa pumu, mashine si dawa. Katika wiki zile tano tulizosubiri betri, tulirudi kwenye njia ya zamani. Tuliondoa zulia sebuleni tukabaki na marumaru. Tulideki kila siku badala ya kufagia sakafu kavu, tukapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, tukafua mapazia na mashuka mara kwa mara, na mtoto alikaa nje hadi tumalize. Dawa hakuruka hata siku moja. Alikaa vizuri. Nilijifunza kwamba ndoo, dekio na kitambaa vya shilingi elfu chache vilikuwa vikinisubiri nyuma ya mlango muda wote. Sijutii kuwa na mashine, inaniokolea mgongo na saa nzima ya Jumamosi. Lakini zulia halijarudi.

Na la mwisho

Tangu siku ile kopo la biskuti limebadilishwa kazi. Liko sebuleni juu ya kabati, na ndani yake zimo risiti zote za nyumba hii: zangu, za mume wangu, za friji, za feni, hata ya baiskeli ya kijana wetu. Anayenunua anaweka. Mwezi uliopita niliikuta humo risiti ya redio ya gari ambayo bei yake haikuwa ile niliyoambiwa. Nikaileta mezani. Tulitazamana, tukacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Mama mwenzangu, huenda wewe pia una kopo lako, chini ya vitenge, au ndani ya pochi ya zamani, au kichwani tu. Sikuulizi lina nini. Nakuomba tu ulifungue kabla tarehe haijapita, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila koleo likifichwa hata fundi hawezi kuliunga.

Hadi mwezi ujao, nawatakia nyumba zenye amani na vumbi kidogo.